Jibu la Ijumaa

Serikali inaweza kukosa dawa, ikakosa mafuta ya magari, ikakosa hata karatasi, lakini jibu haikosi. Wapo watu wanaolipwa mshahara kuhakikisha hivyo. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo aliyekaa ghorofa ya tatu ya wizara, kwenye meza iliyotiliwa kadibodi mguu mmoja ili isiyumbe. Kazini walimwita Bi Nyongeza, na jina lilimkaa, hata mkurugenzi mwenyewe alilitumia.

Alilipata hivi. Swali linalopelekwa bungeni kwa maandishi lina jibu lake la msingi, na hilo hata karani aliyeajiriwa jana ataliandika. Balaa ni pale mbunge anaposimama tena na swali la nyongeza, ambalo hakuna aliyelijua. Bi Nyongeza alikuwa akiyanusa maswali hayo kabla hayajaulizwa. Alijifanya mbunge mkorofi, akajiuliza maswali sita au saba, akayajibu yote, akayapanga katika jalada lenye vichupo vya rangi, vile vikaratasi vinavyochomoza pembeni mwa kurasa, ili kiongozi akibanwa afungue tu na kusoma. Kwa miaka kumi na sita viongozi walikuja na kuondoka, wakipigiwa makofi kwa maneno yake.

Sasa nchi ilikuwa imekabwa koo. Fedha za kigeni ziliadimika, bei za vitu zilipanda asubuhi na jioni zikapanda tena, na kila Jumatano saa nne Waziri Mkuu alisimama bungeni kuulizwa juu ya sukari, petroli na mbolea. Jumanne hiyo swali lililomfikia Bi Nyongeza lilihusu vichujio vya mashine za kusafisha damu. Bila kichujio kipya mashine ni bati tu, na mgonjwa wa figo asiposafishwa damu hujaa maji mwilini mpaka pumzi zimkatike. Hilo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Mume wake alikuwa mgonjwa wa figo.

Barua ya hospitali kuu ilikuwa mbele yake. Vichujio vilivyobaki vilikuwa tisa. Shehena mpya ilikuwa kwa mwenye kiwanda, ng'ambo huko, naye alisema hatoi hata boksi moja kabla hajaiona fedha yake. Bi Nyongeza akaandika jibu kama mambo yalivyokuwa. Mkurugenzi akalirudisha likiwa limejaa wino mwekundu.

"Bi Nyongeza, umechoka?"

"Sijachoka, mzee."

"Maana hapa umeandika 'hakuna'. Tangu lini ofisi hii ikaandika hakuna?"

"Lakini hakuna, mzee. Barua hii hapa."

"Barua ni yao, jibu ni letu." Alivua miwani, akafikicha macho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. "Sikuambii useme uongo. Nakuambia uandike vizuri. Watu wakisikia vimekwisha watavunja milango ya hospitali. Fanya kazi yako, dada yangu. Hakuna anayeiweza kama wewe."

Kweli aliiweza. Kulikuwa na ujanja wa Ijumaa, aliobuni yeye mwenyewe miaka ya nyuma na ofisi nzima ikauiga. Kikao cha Bunge kilikuwa kinaahirishwa Ijumaa hiyo mchana, wabunge wakirudi majimboni kwa wiki tisa. Ahadi inayoangukia Ijumaa haina mtu wa kuiuliza Jumatatu. Kwa hiyo chini ya kichupo cha kijani aliandika: Mheshimiwa Spika, shehena mpya imekwishapatikana, na wagonjwa wote watahudumiwa kikamilifu Ijumaa hii.

Kabla hajalifunga jalada alimpigia simu muuguzi wa chumba cha mashine, ambako mumewe alisafishwa damu kila Alhamisi.

"Dada, Fundi wangu ni wa ngapi Alhamisi?"

"Wa saba. Chake nimekiandika jina kabisa."

Wa saba kati ya tisa. Bi Nyongeza akashusha pumzi. Wiki moja zaidi imepatikana, na katika wiki moja Mungu ana mengi. Tuseme ukweli ingawa unauma: alilipeleka jalada lile juu akiwa na moyo mtulivu.

Mume wake alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Makochi matatu ya watu yalikuwa yamekaa humo tangu mwaka jana, matumbo wazi, sponji nje, maana mikono yake haikuwa tena na nguvu ya kuvuta kitambaa. Alichobaki nacho ni mdomo. Daktari alimruhusu kikombe kimoja cha maji kwa siku nzima, na mama yake, aliyeishi nao, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kikombe.

"Wenzangu mama zao waliwanyonyesha," Fundi alipenda kuwaambia wageni. "Mimi wangu ananinyima maji."

"Ukiyanywa utakufa, halafu utanilaumu," mama yake hujibu bila kugeuka.

Bi Nyongeza alikuwa amekula kiapo cha siri, hivyo ya ofisini hakuyasema nyumbani. Lakini huwezi kulala na mtu miaka kumi na tisa usijue anavyopanga maneno. Jumatano, redio ikiwa juu ya kochi la mteja, Fundi alisikia mbunge akiuliza kwa hasira, akasikia karatasi zikifunuliwa, kisha sauti nzito ya Waziri Mkuu: shehena mpya imekwishapatikana. Bunge likapiga meza kwa shangwe. Fundi naye akapiga mkono wa kochi mpaka vumbi likatimka.

Jioni mkewe aliporudi alimkuta bado anatabasamu.

"Hiyo 'kikamilifu' ni ya kwako," alimwambia. "Usinibishie. Yule mzee angeitoa wapi?"

"Hebu niache nivue viatu."

"Mimi najua. Nimemwambia na mama."

"Ya redioni usiyatie sana moyoni," mkewe akasema, akainama kwenye viatu.

Fundi alicheka, akadhani ni unyenyekevu. Mkewe angeweza kumwambia pale pale. Alikuwa amechoka, kiapo ni kiapo, na kesho yake Fundi alikuwa wa saba. Aliona hakuna haja.

Alhamisi asubuhi benchi la chumba cha mashine lilijaa mapema. Muuguzi alitoka na orodha, akaita majina tisa, akawaomba wengine wavute subira. Wa kumi alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana wa miaka ishirini na sita, uso umemvimba hata macho hayaonekani vizuri. Hakulalamika. Alichukua mkoba wake, akaanza kuinuka kwa shida.

"Mwalimu, unakwenda wapi?" Fundi akamwuliza.

"Nyumbani. Sikufikiwa."

"Mara ya mwisho umesafishwa lini?"

"Kesho zinatimia wiki mbili."

Fundi alimtazama miguu. Ilikuwa imefura, viatu havikufungwa kamba. Yeye mwenyewe alikuwa na wiki moja tu.

"Ingia wewe," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi kesho. Hukusikia redio? Ijumaa, wagonjwa wote."

"Aa, Fundi. Redioni wanasema mangapi?"

Hapo ndipo Fundi alipotamka neno ambalo hajapata kulitamka mbele za watu. Alisimama, akajishika ukutani, akasema benchi zima likasikia:

"Jamani, nisikilizeni. Maneno ya jana hayakuandikwa na Waziri Mkuu. Yameandikwa na mke wangu. Na mke wangu hajapata kunidanganya, hata bei ya nyanya."

Watu wakacheka, na katika kucheka kule nyuso zililegea. Mwanamume mmoja mwenye duka akamsogelea. Mkewe alikuwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi pale nje, tayari kwa safari ya siku nzima kwenda hospitali ya mji mwingine, ambako alisikia vichujio bado vipo.

"Una hakika, ndugu yangu? Gari linanguruma hapo."

"Mshushe mama apumzike. Ile barabara itamtesa bure. Kesho tutakuwa hapa wote."

Mwenye duka akatoka kumrudisha dereva. Muuguzi alimvuta Fundi pembeni, akamwambia kichujio chake kimekwisha kuandikwa jina. Fundi akamwambia afute, aandike la Mwalimu.

Bi Nyongeza alirudi saa kumi na moja jioni, akamkuta mumewe amekaa mlangoni na uso wa mtu aliyefanya jambo jema. Alimtazama mkono kwanza, kama alivyozoea kila Alhamisi. Haukuwa na bandeji.

"Kulikoni? Hukusafishwa?"

"Nimemwachia mtoto wa watu. Ungemwona ungemwachia na wewe. Mimi kesho."

Alijikuta ameketi chini, pale pale kizingitini, na nguo zake za kazi.

"Mume wangu, kesho hakuna kitu."

"Hakuna nini?"

"Vichujio. Havijalipiwa hata kimoja."

"Si umeandika shehena imekwishapatikana?"

"Imepatikana kiwandani. Kiwandani kila kitu kipo."

Mtu akapita na baiskeli, akawasalimu, wakamwitikia wote wawili kama kawaida.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa wa saba," mkewe akasema.

"Na yule wa kumi?"

Alianza kulia, na Fundi, ambaye kwa tabia yake angemtania, hakumtania. Alimwuliza tu kama yule wa kumi naye si mke au mume wa mtu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba amewaambia watu wengi, benchi zima, na yule bwana amelirudisha gari.

Asubuhi Fundi alitaka kwenda hospitali hivyo hivyo.

"Nimewaahidi tutakuwa wote," alisema. "Nikijificha itakuwaje?"

Hospitali ilifurika. Jibu la Waziri Mkuu lilifika wilaya ambazo hata gari la wagonjwa halifiki, na watu walikuwa wamekuja na mablanketi, wengine wamebebwa mgongoni. Muuguzi alipanda juu ya kiti.

"Jamani, mimi nami nilimsikia kama mlivyomsikia. Tangu jana stoo ni tupu. Sina cha kuwapa. Mkinipiga pia sina."

Hawakumpiga. Waliguna, wakaanza kutazamana, na macho ya mwenye duka yakampata Fundi, aliyekuwa ameegemea bega la mkewe.

"Wewe! Ulisema mkeo ndiye anayeandika. Ndiye huyu?" Akamgeukia Bi Nyongeza. "Mama, hebu nijibu. Ni wewe uliyeandika?"

Bi Nyongeza alifungua mdomo. Akahisi vidole vya mumewe vimembana kiwiko, kwa nguvu ambayo hakujua kama bado anayo.

"Huyu?" Fundi akacheka, kicheko cha pumzi fupi. "Huyu anachemsha chai tu huko wizarani, bwana wangu. Nilijigamba. Mtu ukiwa huna kitu unajigamba hata kwa mke."

"Ulitudanganya?"

"Niliwadanganya. Nisameheni."

"Mke wangu nimemshusha garini kwa ajili ya majigambo yako?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

Mwenye duka akatema mate chini, karibu na viatu vya Fundi. Mama mmoja mzee akasema, "Mtu mzima hovyo." Bi Nyongeza aliyasikia yote. Alikuwa na kiapo, alikuwa na kazi, na zaidi ya hayo alikuwa na woga. Watu wale walikuwa na kila haki ya kumrarua. Alitazama chini, akaacha mumewe atukanwe kwa niaba yake. Njiani, akiwa ameshikwa asianguke, mkewe upande mmoja na kijana mpita njia upande wa pili, Fundi alimnong'oneza mkewe, "Mimi watanifanya nini? Mimi ni mgonjwa. Wewe wangekuumiza." Akamwomba yule kijana asiende haraka.

Jumamosi Bi Nyongeza alikwenda kwenye hospitali ya watu binafsi. Msichana wa mapokezi alimweleza kwa upole kwamba mashine ipo na kichujio kipo, lakini malipo ni kwa fedha za kigeni, zile zile ambazo Serikali nzima ilikuwa ikizitafuta. Akaenda nyumbani kwa mkurugenzi. Alingoja getini nusu saa, mlinzi akimwuliza kila mara kama kweli anafahamika humo ndani. Mkurugenzi alitoka na kandambili, akamsikiliza mpaka mwisho, na machozi yakamlenga.

"Nimpigie nani, dada yangu? Nikimpigia mganga mkuu atanisomea jibu letu wenyewe."

Jumapili Fundi hakuweza tena kulala chali. Walimkalisha kwenye kochi la mteja, lile lililokuwa na sponji nzuri, akawa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Karibu na saa tano usiku aliomba maji. Mama yake alisimama, akaingia jikoni, akarudi na jagi zima. Alipomwona amelishika jagi, Bi Nyongeza alielewa, akamshika mumewe miguu. Fundi alikunywa mafunda matatu, akasema yametosha, akamwambia mama yake ahsante. Saa sita haikumkuta.

Msibani walikuja watu wengi, maana alikuwa mtu wa watu. Wenye makochi walikuja pia, na hakuna aliyeuliza la kochi lake. Kwa siku tatu mama mkwe na mkamwana walikaa pamoja juu ya mkeka mmoja, mkono wa mama mkwe begani mwa mkamwana. Mama mkwe hakuwa amelia kwa sauti. Alisema machozi yake yako njiani, yatafika.

Siku ya tatu alikuja Mwalimu. Uvimbe ulikuwa umempungua, sasa macho yake yalionekana. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, mimi ndiye niliyeingia kwa nafasi ya mwanao."

Mama mkwe akamshika mikono yote miwili. "Basi ishi, mwanangu. Usiipoteze hiyo nafasi."

"Kuna na jingine, mama. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia mtaani. Yule mwenye duka, mkewe amezikwa jana. Anasema Fundi ndiye aliyemuua kwa uongo wake, na anasema hivyo kila anapopita. Mimi namwambia marehemu husamehewa, alitaka tu kututia moyo."

"Uongo gani?"

Mwalimu alieleza habari ya benchi, na habari ya Ijumaa. Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza ili wasikie.

"Mwanangu alikuwa na maneno mengi," mama mkwe akasema polepole, "lakini mwongo hakuwa. Hilo nalikataa."

"Alikiri mwenyewe, mama. Mbele yetu sote. Hata mkewe alikuwapo."

Mama mkwe akamgeukia mkamwana wake. Mkono ulikuwa bado begani.

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, mama."

"Alisema alidanganya?"

"Alisema."

"Na ni kweli alidanganya?"

Jibu la kumwokoa lilimjia Bi Nyongeza hapo hapo, limekamilika, la upole na la heshima: alikuwa anaumwa sana, mama, hakujua anenalo. Kila mtu chumbani angelipokea. Hata marehemu, kwa alivyokuwa, angelipokea. Alilisikia likipanda kooni tayari kutoka, akajichukia kwa jinsi lilivyokuwa zuri.

"Hakudanganya," akasema. "Ni mimi niliyeandika. Niliandika nikijua havipo. Nilikuwa nimeuliza kwanza, nikaambiwa yeye ni wa saba na vimebaki tisa, ndipo nikaandika. Yeye amesema uongo siku moja tu, Ijumaa, ili watu wasinipige."

"Alikuwa anajua?"

"Tangu Alhamisi jioni."

"Na wewe ukasimama hapo, ukamwacha aseme?"

"Nilisimama, mama."

Mwalimu alijiziba mdomo kwa viganja. Mama mkwe hakupiga kelele, wala hakumtukana. Aliondoa mkono wake begani, akajiinua kwa shida, akavuka chumba na kwenda kukaa upande wa pili, katikati ya wake wa majirani. Huko ndiko alikomlilia mwanawe kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na wanawake wote wakamkumbatia. Bi Nyongeza alibaki juu ya mkeka peke yake, na hakuna aliyekwenda kumshika.